Elektroni hazizunguki kama sayari

Jamani ile picha ya skuli, elektroni zinazunguka kiini cha atomi kama sayari na jua, imetuganda vichwani lakini sivyo. Modeli ya mwanafizikia Bohr ya 1913, yenye picha hiyo hiyo, iliweza kuieleza haidrojeni, ilipofika heliamu yenye elektroni mbili tu ikakwama.

Chukua karafuu zilizoanikwa jamvini hapa Wete, harufu ile hasa ni eujenoli, molekuli moja ina elektroni 88, na kompyuta ikiipigia hesabu haifuati kila moja inapita njia gani maana njia yenyewe haipo, inatafuta wingu, yani wapi zimejaa wapi zimepungua. Wanafizikia Hohenberg na Kohn walionesha 1964 kuwa wingu hilo latosha kupata nishati ya chini kabisa ya molekuli. Ila fomula kamili ya kutoka kwenye wingu kwenda kwenye nishati mpaka leo haijapatikana, watu wanakadiria tu (na wanakadiria vizuri wallahi).