Je, wajua kwa nini mti mmoja wa kinamasi una majina manne Marekani?

Katika kisiwa cha Martha's Vineyard, jimbo la Massachusetts, kuna njia panda iitwayo Beetlebung Corner, kwa sababu ya miti iliyoota hapo. Ukienda bara hadi Connecticut, mti huohuo unaitwa pepperidge. Kusini zaidi utasikia black gum au tupelo. Wataalamu wa mimea wao wana jina moja tu, Nyssa sylvatica.

Tupelo ndilo jina la wenyeji. Wamuskogi, waliokuwepo kusini mashariki kabla ya Wazungu kufika, waliunganisha neno lao la mti na lile la kinamasi. Mji wa Tupelo, Mississippi, alikozaliwa Elvis Presley mwaka 1935, umeitwa kwa mti huu. Pepperidge lilikuja na walowezi wa Kiingereza: kwao lilikuwa jina la kichaka cha miiba, wakalibandika kwenye mti mgeni. Gum nayo ni kichekesho, maana yake ni gundi, na mti wenyewe hautoi gundi ya maana.

Ninalolipenda ni beetlebung. Usidhani ni mdudu. Beetle hapa ni neno la kale la nyundo nzito ya mbao, na bung ni kizibo cha pipa. Nyuzi za mbao hii zimesokotana kiasi kwamba kuipasua ni kazi, kwa hiyo inastahimili kupigwa, iwe nyundo au kizibo. Kisiwani, kwa wavua nyangumi waliohifadhi mafuta kwenye mapipa, hilo ndilo lililokuwa muhimu. Waliouita hivyo hawakuutazama mti, walitazama kazi yake.

Kuna na kinyume chake: jina moja, miti miwili. Kwenye kinamasi cha Great Dismal, mpakani mwa Virginia na North Carolina, juniper ni mti wa mbao nyepesi za kuundia mashua, na maji ya kinamasi hicho, yenye rangi ya chai, mabaharia waliyajaza mapipani wakiamini hayaharibiki upesi. Huko New Brunswick, Kanada, juniper ni mti mwingine kabisa, unaopukutisha majani yake membamba kila mwaka na wenye mbao nzito, ngumu. Fundi mashua wa North Carolina akiagiza juniper kutoka huko, atashangaa siku ya kupakua.