Kwa nini daftari lako la vitendo limerudishwa

Kila msimu wa kuhakiki alama za vitendo unapofika, malalamiko huwa yale yale: mwanafunzi amefanya vizuri nadharia, lakini matokeo yamezuiwa kwa sababu ya daftari. Safari hii yameongezeka, na wapo wazazi wanaoamini kwamba sisi wahakiki tunawakomoa watoto wao kwa ajili ya mwandiko mbaya. Mwandiko hatuupimi. Naomba nieleze tunachokitazama.

Chukua jaribio la pendulamu, yaani kitu kizito kinachobembea kwenye uzi. Uzi wa mita 1, mabembeo 20, stopwochi mkononi. Muda utakuja karibu na sekunde 40. Nasema karibu, maana kidole cha binadamu huchelewa kubonyeza kwa takribani sekunde 0.2, na hakuna anayelaumiwa kwa hilo. Sasa nafungua daftari nakuta nyuzi za urefu wa aina tano, na kila moja imetoa mchapuko wa mvutano wa dunia wa 9.81 m/s², haukupungua wala kuzidi. Kalamu ni moja, mlalo wa mwandiko ni mmoja, ingawa tarehe zimepishana kwa wiki tatu. Hayo ni majibu ya kupikwa. Mwanafunzi ameanzia kwenye jibu la kitabuni akarudi kinyumenyume kutafuta vipimo.

Kwenye kemia ni hivyo hivyo. Bureti ya kawaida ya shule, ule mrija wa kioo wa kupimia kimiminika, ina vistari vya mililita 0.1, na jicho linaweza kukisia nusu ya kistari tu. Kwa hiyo usomaji huishia na 0 au 5 katika nafasi ya pili ya desimali. Anayeandika 24.37 hakuisoma bureti.

Niliwahi kukutana na ukurasa mmoja wa jaribio la pendulamu ambao bado naukumbuka. Ulikuwa na doa la maji pembeni. Namba 38.2 imekatwa kwa mstari mmoja na bado inasomeka; kando yake imeandikwa, "Nilihesabu moja wakati naachia." Ukisema "moja" badala ya "sifuri" unapoachia pendulamu, unakuwa umepima mabembeo 19 ukidhani ni 20, na hesabu inakupeleka kwenye 10.8. Kijana huyo aliliona kosa, akarudia, akapata sekunde 40.2, na jibu likarudi 9.8. Alama zake hazikuguswa. Mtu kama huyo ndiye anayetafutwa na maabara ya hospitali, karakana ya ndege na mtambo wa kusafisha maji.

Wengi bado wanadhani kumwandaa mwanafunzi kwa ajira za sayansi na teknolojia ni kumnunulia kompyuta na kumkaririsha fomula. Kompyuta ni muhimu, lakini itakokotoa namba yoyote utakayoipa, ya kweli au ya uongo. Tarehe 23 Julai 1983 ndege ya Boeing 767 iliishiwa mafuta angani nchini Kanada. Vipimo vya mafuta vya ndani ya ndege havikuwa vikifanya kazi, hivyo kiasi kilikokotolewa kwa mkono. Ilihitaji kilo 22,300, lakini waliokokotoa walitumia kizidisho cha 1.77, ambacho ni cha ratili kwa lita, badala ya takribani 0.8 cha kilo kwa lita. Ikaruka na chini ya nusu ya mafuta yaliyohitajika. Marubani waliishusha bila injini kwenye uwanja wa zamani wa jeshi la anga huko Gimli na watu wote 69 walinusurika. Tukikukata alama kwa kuacha kizio, kama kilo au sekunde, tafadhali usituambie ni jambo dogo.

Sasa utaratibu. Andika kwa kalamu ya wino siku ile ile ya jaribio, moja kwa moja daftarini. Karatasi ya pembeni ya "kunakili baadaye" haikubaliki. Kosa likatwe kwa mstari mmoja, andika sababu na tarehe. Wino mweupe wa kufutia hauruhusiwi, wala kuchana ukurasa. Msimamizi asaini kila jaribio kabla ya linalofuata. Saini kumi za siku moja hazihesabiwi. Ukurasa usio na saini hupoteza alama za jaribio hilo. Palipo na shaka ya kupika, mwanafunzi huitwa arudie jaribio mbele ya mhakiki. Akishindwa, alama zote za vitendo hufutwa. Msimamizi aliyesaini naye hutakiwa kujieleza kwa maandishi.

Kuitwa kurudia si hukumu, na mzazi hana haja ya kuja na barua ya kuombea. Mwanafunzi aliyefanya jaribio kweli hulirudia kwa muda mfupi, hata mikono ikitetemeka, na tunampa nafasi atulie kwanza. Aje na daftari halisi. Nakala iliyoandikwa upya kwa usafi haitatusaidia, kwa sababu tunachohitaji kuona ni yale makosa yaliyokatwa.