Nyuma ya pikapu ikichuchumaa: springi na shoki za safari ya Chalbi

"Fundi, niongezee majani mawili nyuma." Ombi hili nalisikia gerejini kwangu Isiolo karibu kila wiki, na mara nyingi anayeomba ameshaongezewa mawili mahali pengine. Safari hii alikuwa dereva wa Land Cruiser 79, pikapu ya kupeleka dizeli na maji kutoka Marsabit hadi Kalacha na North Horr. Likiwa na mzigo, alisema, gari linagonga chini. Likiwa tupu linapiga mateke kama punda. Shoki za nyuma zimekufa mara mbili ndani ya miezi michache.

Nikamwambia, "Mzee, kabla ya kuongeza, tupunguze." Alinitazama kama mtu aliyeambiwa avuke jangwa la Chalbi na magurudumu matatu.

Kwa wasomaji wa Tanzania, shoki ni ile mnayoiita shokapu. Majani ni vile vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine na kubanwa kwenye ekseli kwa yubolti, bolti zenye umbo la herufi U. Land Cruiser 79 ina springi za koili mbele na za majani nyuma, na leo nazungumzia nyuma tu.

Njia yenyewe kwanza. Kutoka Marsabit unashuka mlima kati ya mawe meusi ya volkano, unaelekea Maikona barabara ikiwa imejikunja mawimbi madogo madogo yanayogonganisha meno, kisha Chalbi: tambarare ya chumvi na udongo, ngumu kama sakafu wakati wa kiangazi, mtego wa matope ikinyesha. Ukikaribia North Horr kuna mchanga mlaini. Wageni huogopa huo mchanga. Mimi magari yanayoletwa kwangu yamevutwa kwa kamba, mengi yameuawa na mawimbi.

Kazi ilianza na uzito, jambo ambalo mafundi wengi hulipita kwa sababu halina utamu. Pipa la lita 200 la dizeli, pamoja na chuma chake, lina kilo 185 hivi. La maji linapita 215. Huyu hubeba mawili ya dizeli na moja la maji, yaani karibu kilo 600. Tena alikuwa akiyapanga nyuma kabisa, karibu na mlango, ili yawe rahisi kushusha. Mzigo ukikaa nyuma ya ekseli unafanya kazi kama mtu aliyekaa mwisho wa bembea ya ubao: unainua mbele ya gari, na ekseli ya nyuma inabeba zaidi ya uzito wa mapipa yenyewe. Kuyasogeza mbele hakugharimu hata shilingi, na ndiyo marekebisho yaliyoleta nafuu ya haraka kuliko yote niliyofanya siku ile.

Baada ya hapo nilipima kimo, kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, gari likiwa tupu. Nikapanga mifuko minne ya saruji juu ya ekseli, kilo 200, nikapima tena. Pikapu ya aina hii yenye majani kama yalivyotoka kiwandani, niliyowahi kuipima hapa, ilishuka sentimita 2, maana yake kilo 100 kwa kila sentimita. Hii ilishuka kama sentimita 1.4 tu. Ugumu umepanda hadi kilo 140 kwa sentimita.

Kuna hesabu fupi ninayoipenda. Chukua uzito unaokalia springi, gawanya kwa ugumu, upate sentimita. Tafuta kipeuo cha pili cha sentimita hizo. Gawanya 5 kwa jibu hilo. Unachopata ni mara ngapi kwa sekunde nyuma ya gari ingepanda na kushuka ikiachwa icheze yenyewe. Gari tupu, lenye kilo 700 juu ya springi za nyuma, kwa majani ya kiwandani linacheza mara 1.9, kwa yale ya kuongezwa, 2.2. Likibeba hadi kilo 1,300, ni 1.4 na 1.6. Kwa njia kama ya Maikona napenda gari lenye mzigo lisipite 1.5. Juu ya hapo springi inaanza kuwa ubao, na kazi yake inafanywa na chesisi, mabati na uti wa mgongo wa dereva.

Sasa, kama springi ni ngumu hivyo, mbona lilikuwa linagonga chini? Majani yaliyoongezwa yalitolewa kwenye lori. Yalikuwa manene na yamenyooka, kwa hiyo yaliongeza ugumu bila kuongeza kimo. Likipakiwa, nafasi kati ya ekseli na mpira wa kugongea ilibaki vidole vitatu. Isitoshe, yalikuwa na kutu. Majani mengi yenye kutu yanang'ang'aniana, na kwenye wimbi dogo springi haisogei kabisa. Inasubiri shimo kubwa ndipo iachie kwa ghafla.

Kuna mafundi wanaomwagia springi oili chafu ili iteleze. Huku kwetu usithubutu. Oili inakamata mchanga, na mchanga ukichanganyika na oili ni tupa. Mimi husafisha kila jani kwa brashi ya waya, napaka unga wa grafiti mkavu, na kwenye ncha naweka vipande vya plastiki ngumu.

Tuliyatoa yale mawili, tukafunga springi mpya yenye majani membamba yaliyopinda zaidi, na chini yake jani moja la akiba linaloanza kubeba mzigo unapofika kama kilo 400. Unene una nguvu kuliko watu wanavyodhani: jani likiongezeka unene mara mbili, ugumu wake unakuwa mara nane. Kwa hiyo ni afadhali majani sita membamba kuliko manne manene. Sikupunguza nguvu ya jani kuu upande wa mbele wa ekseli, kwa sababu kwenye mchanga, ukikanyaga mafuta, ekseli inataka kujizungusha na springi inajikunja kama herufi S. Hapo ndipo sentabolti, ile bolti ya katikati inayoshikanisha majani, hukatika, hasa yubolti zikiwa zimelegea. Yubolti mpya zikazwe tena baada ya kilomita 500, gari likiwa chini kwenye magurudumu, si juu ya jeki.

Shoki ndipo penye utamu.

Shoki inafanya kazi mbili: kuzuia ekseli isipande haraka, na kuzuia springi isirudi kwa kishindo. Springi ikiwa ngumu mno, fundi anakaza ile ya kurudi ili mateke yapungue. Ndivyo alivyofanyiwa huyu. Kwenye shimo moja unaona raha. Kwenye mawimbi, gurudumu linasukumwa juu, na kabla halijarudi chini wimbi lingine limefika. Kila wimbi linaiba sehemu ndogo ya kimo, na baada ya mita mia gari limechuchumaa juu ya mpira wa kugongea. Dereva anasema springi imelegea, kumbe imezuiwa kurudi.

Ndani ya shoki inayoweza kufunguliwa na kutengenezwa kuna visahani vyembamba vya chuma vinavyopinda ili oili ipite. Tofauti ya kisahani cha milimita 0.15 na cha 0.20 huioni kwa macho, lakini cha pili ni kigumu zaidi ya mara mbili. Nililegeza upande wa kurudi, nikakaza kidogo ule wa kupanda, nikajaza oili mpya na gesi ya naitrojeni. Gesi hiyo inazuia oili isitoe povu, maana povu halizuii chochote.

Halafu kuna joto. Nguvu yote ya kutikisika inageuka joto ndani ya oili, na oili ikichemka inakuwa nyepesi kama maji. Nilimpa dereva kipimajoto cha kulenga kwa mbali (si kile cha kupima homa, hakifiki huko) na kumwomba asimame Maikona apime. Shoki moja ikizidi nyingine kwa joto, hiyo baridi ndiyo mgonjwa, haifanyi kazi.

Kuhusu mwendo, mawimbi mengi ya huku yameachana kama sentimita 70. Kwa kilomita 30 kwa saa, gurudumu linagongwa mara 12 hivi kwa sekunde, na ekseli nzito ya nyuma inapenda kurukaruka karibu na mapigo hayo hayo. Kwa 70 inagongwa mara 28, haiwahi kufuata, na gari linatulia. Ila usisahau kwamba gari linaloelea juu ya mawimbi halina breki za kutegemewa, na ngamia hawaangalii upande wowote kabla ya kuvuka. Afadhali upunguze upepo. Tulishusha tairi za nyuma kutoka pauni 45 hadi 32 kwa mzigo huu, na huenda zikashuka zaidi kwenye mchanga.

Kwenye fimbo ya kila shoki nilifunga kamba ndogo ya plastiki ili isukumwe na kubaki mahali shoki ilipofika mwisho. Aliporudi kutoka Kalacha, zote mbili zilikuwa zimesimama sentimita 2 kabla ya ukomo. Hajagonga chini hata mara moja. Sasa anataka nimwinulie mbele ilingane na nyuma, na hapo ndipo tumeanza kubishana.