Wanaodhani msanifu mandhari ni mtu wa maua

Desemba moja mama mmoja wa Ilazo, hapa Dodoma, alinipigia simu: "Mwanangu, njoo uniwekee maua, uwanja umekaa vibaya." Nilimkuta getini ameshika fagio. Uwanja wote ulikuwa umetandazwa vitofali vya saruji, kuanzia barazani hadi ukutani. Mvua ya usiku, ya saa moja tu, ilikuwa imeteremka yote upande wa chini, ikachimba chini ya ukuta na kumwaga udongo mwekundu kwa jirani. Niliingiza mkono kwenye tundu lile ukazama hadi kiwikoni. Habari ya maua ikabidi isubiri. Mimi ni msanifu mandhari, yaani mpangaji wa ardhi inayozunguka majengo, na haya ndiyo maneno ninayoyasikia mara kwa mara kuhusu kazi yangu.

"Ni mtunza bustani mwenye digrii."

Mtunza bustani ana ujuzi wake, na bila yeye mchoro wangu hukauka. Ila kazi ya msanifu huanza kabla ya mche wa kwanza: kupima miinuko ya kiwanja, kujua maji yanaingilia wapi na yanatokea wapi, udongo unayanywa kwa kasi gani, jua la saa tisa linapiga upande upi, watoto wanakatiza wapi. Central Park ya New York, ambayo Frederick Law Olmsted na Calvert Vaux walishinda shindano la kuisanifu mwaka 1858, huonekana kama pori la tangu zamani. Sehemu kubwa ilikuwa vinamasi na miamba. Mabomba ya kutoa maji yalifukiwa, na barabara nne zikashushwa chini ya usawa wa bustani ili magari ya farasi yapite bila kuwasumbua watembeao. Hapa nchini fani hii inafundishwa Chuo Kikuu cha Ardhi, Dar es Salaam.

"Vitofali ndiyo dawa ya vumbi."

Anayefagia baraza mara tatu kwa siku mwezi wa Septemba ana haki ya kutamani vitofali. Lakini tupige hesabu. Kiwanja cha mita za mraba 600 kikipata milimita 40 za mvua, hizo ni lita 24,000, yaani zaidi ya maboza mawili ya lita elfu kumi. Bati halinywi, saruji nayo hainywi, basi maboza hayo yanakimbilia kwa jirani wa chini, kisha barabarani, kisha kwenye korongo, ambalo kila msimu linazidi kuwa pana. Vumbi hutulizwa pia na kokoto, na matandazo ya majani makavu chini ya miti, na uzio wa mimea upande unaotoka upepo. Vitofali viwekwe panapopita gari.

"Dodoma ni jangwa, hapaoti kitu."

Hili linaniuma. Wastani wa mvua ya Dodoma ni kama milimita 570 kwa mwaka. London hupata kama 600. Kule hunyesha kidogo kidogo mwaka mzima. Kwetu hushuka kati ya Desemba na Aprili, kwa kishindo, halafu ni jua na upepo hadi mwaka ugeuke. Kazi yetu basi ni kuyachelewesha maji yasiondoke: matuta yanayokingama mteremko, mashimo ya nusu mwezi, vidimbwi vya kunyonya.

Anayeona ardhi ya kanda hii imekufa aende Kondoa. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kwa sababu ya makorongo, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo lililochakaa zaidi. Wafugaji waliumia, na hilo lisifichwe. Vichaka na miti vilirudi vilimani. Wakulima wengi wa Dodoma sasa wanafuata njia ya kisiki hai: unatafuta kisiki ambacho mizizi yake ingali hai, unaacha machipukizi machache yenye nguvu, unapogoa mengine, unaweka alama mbuzi na jembe visikipitie. Hununui mche wala humwagilii.

"Kijani maana yake ukoka."

Ukoka wa Agosti hunywa maji ambayo familia ingefulia. Mgunga na mkwaju vikishashika mizizi hujitegemea. Mbuyu hupukutisha majani kiangazi, na nimewahi kumzuia mteja asiukate akidhani umekufa.

Kwa mama wa Ilazo tuling'oa safu za vitofali mita tatu kutoka ukutani, tukachimba bonde fupi lenye mawe chini, na mlango wa maji ya ziada kuelekea mtaroni. Mvua ya Februari ililijaza jioni. Asubuhi lilikuwa limekauka. "Haya sasa, mwanangu," akasema, "maua yangu yako wapi?" Tukapanda mishubiri kandokando yake.