Kukamatwa kwa ulevi barabarani si kupatikana na hatia

Wengi wakitaka kujua kama mtu fulani huko Marekani aliwahi kuendesha gari akiwa amelewa, huchungulia orodha ya mahabusu wa sherifu, yaani mkuu wa polisi wa kaunti. Wakiliona jina, wamemaliza: ana hatia. Sivyo. Orodha ile inaonyesha kukamatwa tu. Kilichoamuliwa kimo kwenye jalada la kesi, na linatunzwa na karani wa mahakama ya kaunti. Kwa kawaida mtu yeyote anaruhusiwa kuomba kuliona, na kaunti nyingi zimeweka angalau muhtasari mtandaoni, kwa hiyo sioni sababu ya kuzilipa zile tovuti za wachuuzi wa taarifa.

Ukilipata jalada, usiishie kwenye shtaka la kwanza. Shuka hadi penye hukumu. California, kwa mfano, shtaka la ulevi huweza kushushwa kwa makubaliano likawa la kuendesha kizembe.

Na ukikosa jina kwa karani wa kaunti, usikimbilie kusema mtu ni msafi. Ohio, nyingi ya kesi hizi husikilizwa na mahakama za manispaa, zenye makarani wake. Kesi nyingine majalada yake yamefichwa kwa amri ya jaji, nayo mtu wa kawaida hayaoni kabisa.