Klasi dhahania na urithi wa methodi katika Java na Python

Klasi ni kiolezo cha kuundia objekti, yaani vitu ambavyo programu hutumia. Klasi dhahania ni klasi isiyoundiwa objekti moja kwa moja. Ipo ili irithiwe. Kwenye Java hutangulizwa neno `abstract`, na ukiandika `new Malipo()` ili kuunda objekti, kompaila (programu inayotafsiri msimbo kabla haujaendeshwa) inakataa papo hapo.

Chukua mfumo wa malipo. Klasi mama `Malipo` ina methodi tatu, yaani kazi ambazo objekti zake hufanya. `lipa(int kiasi)` imekamilika: inahakiki kwamba kiasi kinazidi 0, inaita `tuma(kiasi)`, kisha inaita `andikaRekodi`, nayo imekamilika, ili kuandika rekodi. `tuma` yenyewe imetangazwa tu, haina mwili:

`abstract boolean tuma(int kiasi);`

`MalipoSimu` na `MalipoBenki` zinarithi `lipa` kama ilivyo, na kila moja inaandika `tuma` yake. Ukiita `lipa(5000)` kwenye objekti ya `MalipoSimu`, kinachoendeshwa ni msimbo wa mama, ila ukifika kwenye `tuma` inaitwa ya mtoto. Java huangalia objekti yenyewe ni ya klasi gani, si aina ya kigeu kinachoishikilia. Mpe `lipa` neno `final`, la sivyo mtoto anaweza kuiandika upya na kuruka uhakiki.

Mtoto asiyeandika `tuma` hapiti kompaila, isipokuwa naye atangazwe dhahania. Hatari iko kwenye methodi zilizokamilika. Ukitaka kubadili `andikaRekodi` ukaandika `andikaRekod`, kompaila inaona methodi mpya na kunyamaza, na rekodi zinaendelea kuandikwa kwa utaratibu wa mama. Weka `@Override` juu yake kila mara. Kosa hilo litakamatwa kabla programu haijaanza.

Kosa baya zaidi ni kuita methodi dhahania ndani ya konstrakta ya mama, yaani msimbo unaoendeshwa objekti inapoundwa. Konstrakta ya mama hutangulia, kwa hiyo `tuma` ya mtoto inaendeshwa wakati namba ya simu, inayowekwa na konstrakta ya mtoto, bado ni `null`, yaani haijapewa thamani. Matokeo yake ni kosa la `NullPointerException` kwenye mstari ambao ukiusoma hauoni kasoro.

Python ina moduli `abc`, ya kuandikia klasi dhahania, tangu toleo la 2.6. Huko klasi mtoto isiyoandika methodi dhahania ya mama inakubalika kuandikwa. Kosa la `TypeError` hutokea unapounda objekti. Na ukiweka `@abstractmethod` bila klasi mama kurithi `ABC`, alama hiyo haizuii chochote: objekti inaundwa, na `tuma` iliyoachwa na `pass` (amri isiyofanya kitu) inarudisha `None`, yaani hakuna thamani, bila pesa kwenda popote.