Mpini wa rivolva unateleza? Usikimbilie msasa

Kwenye karakana yangu hapa Arusha sipokei silaha. Mwenye rivolva anayoimiliki kihalali anafungua silinda, anatazama kila tundu, yawe matano au sita, na akiridhika kwamba hamna risasi ndipo analegeza skrubu ya mpini. Chuma kinabaki kwenye sefu nyumbani, mimi naletewa vibao viwili tu. Malalamiko ni yaleyale, "fundi, unateleza", na kila mtu anakuja na dawa yake kichwani.

"Tatizo ni huu mpingo." Mpingo unasingiziwa. Ni mti mzito hadi ukiutupa majini unazama, una mafuta yake ya asili, ukisuguliwa vizuri unang'aa wenyewe. Lakini mara nyingi kinachoteleza ni vanishi iliyopakwa juu. Vanishi inaziba mti, jasho linaelea juu yake kama maji kwenye jani la mgomba. Naiondoa yote, mpingo ukishabaki mtupu hauhitaji kitu kingine. Mninga ndio naupaka mafuta ya kitani kidogo na kuufuta mpaka ukauke. Kitambaa cha kazi hiyo kitandaze nje, usikifinyange ukakitupa kwenye kona: kinaweza kujipasha moto na kuwaka chenyewe.

"Basi ukwaruze kwa msasa mkali." Hapa ndipo watu wanaharibu mali. Mikwaruzo ya ovyo inajaa jasho na uchafu, baada ya muda mpini unateleza tena, na kingo zimeshaliwa, kibao hakilali sawa kwenye chuma. Kinachofanya kazi ni mistari inayokatana kwa mshazari, ikaacha vialmasi vidogo vyenye ncha za kung'ata ngozi. Ni kazi ya subira. Ncha zikiwa kali mno zinachubua kiganja, kwa hiyo nazipunguza kidogo mwishoni.

"Ukiibana kwa nguvu zote haitoki." Bana hivyo uone mkono unavyotetemeka, na kidole cha triga nacho kinakakamaa. Mtutu wa rivolva uko juu ya kiganja, ndiyo maana ikipiga inarudi nyuma huku mdomo ukiinuka. Mkono ukikaa juu kabisa ya mgongo wa mpini, mzunguko huo unapungua. Mbao peke yake haiwezi kukufanyia hivyo. Na zipo rivolva zilizotengenezwa zizunguke: mpini wa Colt ya 1873 umepinda ili ujiviringishe kiganjani, nyundo, kile kichuma cha nyuma kinachogonga risasi, ikufuate kwenye dole gumba uivute kwa risasi inayofuata. Mwenye mpini wa namna hiyo akilalamika, namrudishia vibao vyake.

Kusogeza mkono wa pili mbele ili kushika zaidi, hapana kabisa. Kati ya silinda na mtutu kuna upenyo mwembamba unaotoa gesi ya moto na vipande vidogo vya risasi. Vidole vikae nyuma yake.

Mpira wa tyubu ya baiskeli? Wengine wananicheka nikisema unafaa, lakini unashika kweli. Ila unafuga jasho, na chuma kilicho chini yake kinashika kutu, kwa hiyo uvuliwe na kukaushwa mara kwa mara, wala usiguse triga wala njia ya nyundo. Ukinenepesha mpini mno, mwenye mkono mdogo haifikii triga, na mpira wenyewe unang'ang'ania shati.

Mteja mmoja alinirudia mara tatu, Julai, baridi la Arusha unalijua. Mara ya tatu nikamwomba anionyeshe viganja. Viling'aa. Kila asubuhi alikuwa anajipaka mafuta ya mgando mpaka kwenye vidole, ngozi isipasuke. Nikampa kitambaa kikavu, pesa sikuchukua.